Somo: Jinsi ya kuziweka barabara wazi wakati wa theluji na barafu

Habari zenu wanajamvi. Somo hili ni la watu wa barabara: madereva wa malori ya theluji, wasimamizi wa zamu, na yeyote aliyekabidhiwa kipande cha barabara ya umma huku msimu wa baridi ukibisha hodi. Naanza na jambo ambalo ukilishika, mengine yote yatakaa sawa. Kazi yetu si kuyeyusha theluji. Theluji inasukumwa. Chumvi kazi yake ni kuzuia barafu isishikane na lami, au kuibandua pale ilipokwisha kushika. Anayetaka kuyeyusha theluji yote kwa chumvi atamaliza ghala, atachafua visima vya watu, na utelezi utabaki palepale.

Hatua ya 1: Panga barabara kabla theluji haijaanguka

Huwezi kuwa kila mahali kwa wakati mmoja, kwa hiyo amua mapema ipi inatangulia. Barabara kuu, njia za hospitali na zimamoto, na njia za mabasi ndizo za kwanza. Mitaa ya makazi hufuata. Kila dereva apite njia yake lami ikiwa bado kavu, aone mifuniko ya chemba iliyoinuka, matuta, na maungio ya madaraja. Vikishafunikwa, bledi, yaani lile koleo pana la chuma la kusukumia theluji mbele ya lori, itavigonga kabla macho hayajaviona. Simika vijiti virefu vya alama pembeni.

Hatua ya 2: Pima lami, usipime hewa

Utabiri unakupa joto la hewa. Magari yanatembea juu ya lami, na viwili hivi vinaweza kupishana kwa nyuzi kadhaa. Usiku usio na wingu, nyota zote zinaonekana, lami hupoteza joto lake kwenda angani na inaweza kushuka chini ya sifuri wakati hewa bado iko juu yake kidogo. Hapo unyevu wa hewa hugandia barabarani bila tone la mvua wala chembe ya theluji. Mara nyingi lami huwa ya baridi kuliko wakati wote karibu na mapambazuko, muda uleule ambao watu wanatoka kwenda kazini na watoto shuleni. Madaraja hutangulia kuganda, maana baridi huyapiga juu na chini na hayana ardhi ya kuyapa joto. Funga kipimajoto cha infraredi, kinachosoma joto la lami bila kuigusa, kwenye lori, na kinachosomwa pale ndicho kiamue.

Hatua ya 3: Nyunyiza maji ya chumvi mapema

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana. Maji yenye chumvi asilimia 23 kwa uzito, yaani kilo 23 za chumvi kwa lita 77 za maji, hayagandi mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Ukipunguza chumvi yataganda mapema. Ukizidisha pia, chumvi itaanza kujitenga na kuziba mabomba hata baridi ikiwa bado ya kawaida. Kwa hiyo pima kila tangi kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha maji haya ni mazito mara ngapi kuliko maji matupu, isome 1.18 hivi.

Nyunyiza kwa mistari, si kwa kulowesha barabara nzima, ili kati ya mstari na mstari lami ibaki kavu na tairi zishike. Maji yakikauka, chumvi inabaki kwenye vishimo vidogo vya lami. Theluji ikishuka, tabaka lake la chini halishiki, na bledi ikipita inaliondoa lote mpaka lami ionekane.

Zipo siku za kuacha. Kama mvua itatangulia theluji, chumvi yako itaoshwa yote. Kama upepo ni mkali na theluji ni kavu kama vumbi, iache lami kavu: theluji ile itavuka barabara na kwenda zake, lakini ukilowesha utakuwa umeiwekea gundi.

Hatua ya 4: Sukuma kwanza, chumvi baadaye

Chumvi iliyomwagwa juu ya theluji nene itasukumwa mtaroni na lori lako mwenyewe mzunguko unaofuata. Sukuma, kisha mwaga kwenye kile kilichobaki. Theluji ipeleke upande wa chini wa barabara pale ardhi inapoinama. Ukiirundika upande wa juu, itayeyuka mchana, maji yatakatiza barabara, na usiku utakuwa umetengeneza barafu mpya kwa mikono yako. Usiache rundo kwenye kona za makutano likawaziba madereva macho. Midomo ya mitaro iwe wazi. Juu ya daraja punguza mwendo, usirushe theluji ikaangukia barabara ya chini.

Hatua ya 5: Chumvi kwa kipimo

Tazama punje moja ya chumvi juu ya barafu. Inajichimbia kishimo kwenda chini taratibu, ikifika kwenye lami yale maji yake ya chumvi yanatambaa pembeni, kati ya lami na barafu. Barafu kwa juu inaonekana nzima, lakini chini imekwisha achia. Huo ndio wakati wa kupitisha bledi. Wengi hawana subira. Wakiona juu bado peupe wanamwaga tena.

Sasa angalia baridi inavyobadilisha hesabu. Lami ikiwa nyuzi 1 chini ya sifuri, kilo 1 ya chumvi inaweza kuyeyusha takriban kilo 46 za barafu. Ikiwa nyuzi 7 chini, ni kilo 8 na nusu hivi. Ikifika nyuzi 12 chini, ni kilo 5 tu, tena kwa kusuasua. Ndiyo maana baridi ikizidi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri chumvi ya kawaida haitegemewi peke yake.

Loanisha chumvi kwa maji ya chumvi inapotoka kwenye lori. Chumvi kavu hudunda na kuishia majanini. Iliyoloa hunata inapoangukia na huanza kazi mara moja.

Na tafadhali, pima mashine yenu. Tandika turubai chini ya kile kisahani kinachozunguka na kurusha chumvi nyuma ya lori, fungua kwa dakika moja, kisha pima kilichoanguka kwenye mizani. Linganisha na hesabu: njia moja yenye upana wa mita 3.5, kwa gramu 20 kila mita ya mraba, inahitaji kilo 70 kwa kilomita; zigawe kwa dakika ambazo lori hutumia kumaliza kilomita moja, upate kilo za dakika moja. Rudia kwa kila lori, kwa sababu mawili ya aina moja hayamwagi sawa.

Ghala nalo liwe na paa na sakafu isiyopitisha maji, mbali na visima na mito. Chumvi ikishaingia kwenye maji ya ardhini haiozi wala haipotei, na kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu maji mengi matamu. Hili linanigusa sana. Watu wanaopita salama kwenye barabara yetu ndio haohao wanaokunywa maji ya pale.

La mwisho ni binadamu. Dereva aliyechoka na lori zito usiku wa theluji ni hatari kuliko barafu yenyewe. Msimamizi, panga zamu za kupokezana kabla tufani haijaingia, usingoje mtu aanze kusinzia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwa nini tusimwage maji ya moto tu? Hayana madhara kwa visima.

Jibu: Yatapoa ndani ya muda mfupi na kuganda, mkuu. Utakuwa umeongeza barafu, tena ile laini inayong'aa ambayo dereva haioni.

Swali: Kwetu baridi inafika nyuzi 20 chini ya sifuri wiki nzima. Chumvi haifanyi kitu. Tufanyeje?

Jibu: Kuna chumvi za aina nyingine, kalsiamu kloraidi na magnesiamu kloraidi, zinazofanya kazi kwenye baridi kali kuliko chumvi ya kawaida, lakini ni ghali na zinakula vyuma, kwa hiyo ziende sehemu za hatari tu. Kwingine sukuma, kisha mwaga mchanga kwenye milima, kona na makutano. Baridi ikipungua ndipo urudi na chumvi.

Swali: Mwalimu, mchanga si bora siku zote basi? Ni wa asili.

Jibu: Dada, mchanga hauyeyushi chochote, unasaidia tairi kushika tu, na magari mengi yakipita unapeperushwa pembeni. Halafu unaziba mitaro, unajaza mito tope, na barabara zikikauka unageuka vumbi la kuvutwa na watu. Ukiutumia, ufagieni msimu ukiisha. Changanya chumvi kidogo ili rundo lisigande ghalani, lakini usidhani mchanganyiko huo utayeyusha barabara.

Swali: Kila nikimaliza kufukua lango langu, lori linapita na kulifunga tena. Mnafanya makusudi?

Jibu: Hapana ndugu, bledi humwaga pembeni mfululizo na haiwezi kuruka lango. Fanya hivi: pembeni ya barabara, upande lori linakotokea, fukua nafasi ya mita kadhaa kabla ya lango lako. Bledi itatua mzigo wake pale na kufika langoni ikiwa karibu tupu. Ulichofukua usikitupe barabarani.

Swali: Nikilikuta lori la theluji mbele yangu nilipite?

Jibu: Usilipite. Barabara nyuma yake ni salama kuliko mbele yake. Na yakiwa mawili au matatu yamejipanga mshazari, usijipenyeze katikati. Bledi ya pembeni mara nyingi imefichwa na wingu la theluji, hutaiona mpaka uifikie. Kaa nyuma kwa umbali wa kutosha, usubiri yakupishe.

Swali: Nasimamia barabara za changarawe. Hatua hizi zinanihusu?

Jibu: Ya 1, ya 2 na zamu za madereva, ndiyo. Chumvi usiguse kabisa, itayeyusha ardhi iliyoganda na barabara itakuwa matope. Inua bledi kidogo isikwangue changarawe, mara ya kwanza acha tabaka jembamba la theluji lishindiliwe na kuganda, kisha lilinde msimu wote. Likianza kuteleza, lichane kwa bledi yenye meno, halafu tupia mchanga mkavu kwenye miinuko na kona.