Namna ya kukarabati na kuboresha gitaa kuukuu la akustika lenye pikapu katika hewa ya pwani ya Kusini

Gitaa kuukuu la akustika lenye pikapu (kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika) linapofikishwa kwa fundi wa Mtwara au Lindi, mwenye nalo kwa kawaida hulalamikia umeme: sauti inakatika, spika inanguruma, au uzi mmoja hausikiki. Mara nyingi, hata hivyo, mbao nazo zina hitilafu, kwa kuwa unyevu wa pwani, hasa katika miezi ya mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, huvimbisha ubao wa juu, hulegeza gundi ya daraja (kibao kilichogundishwa juu ya ubao huo ili kushikilia nyuzi) na kuziinua nyuzi mbali na shingo. Kwa hiyo usishike pasi ya kulehemu kabla gitaa halijaweza kupigwa vizuri bila spika.

Anza na daraja. Chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza chini ya ukingo wake wa nyuma. Ikiingia, daraja limeanza kubanduka na halina budi kuondolewa lote, kwani kumimina gundi katika ufa juu ya vumbi na gundi ya zamani hakudumu. Legeza na uondoe nyuzi, toa kijiti kinachobeba nyuzi pamoja na pikapu iliyo chini yake, funika ubao wa pembeni kwa kadibodi, kisha weka juu ya daraja kipande cha chuma kilichopashwa moto kiasi. Baadhi ya magitaa ya zamani yaliunganishwa kwa gundi ya wanyama, ambayo hulainika kwa joto na unyevu, hivyo kisu chembamba butu kitapenya polepole ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Kisu kikigoma, rudisha joto. Ukilazimisha, utang'oa vibanzi vya ubao wa juu, na kasoro hiyo ni ngumu kuliko ile uliyoletewa. Kwangua gundi yote hadi mbao zionekane pande zote mbili, hakikisha zinakaana bila mwanya, paka gundi ya mbao kwa uchache, kaza vibano kupitia tundu la sauti huku ukiweka kibao cha kinga ndani, futa inayochuruzika kwa kitambaa chenye maji, na uache kwa saa 24.

Shingo ina kazi fupi zaidi. Bana uzi wa sita, ulio mnene kuliko yote, kwenye freti (vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya kumi na nne, utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti za katikati: milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha. Ikizidi, kaza nondo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa robo ya mzunguko, kisha pima tena. Baadhi ya magitaa ya zamani hayana nondo hiyo inayorekebishwa, na hayo ni afadhali yafungwe nyuzi nyepesi.

Shingo ikishanyooka, pima kimo cha nyuzi juu ya freti ya kumi na mbili. Milimita 2.5 kwa uzi wa sita na 2 kwa uzi wa kwanza huwafaa wapigaji wengi. Ili kushusha milimita 1 hapo, punguza takriban milimita 2 chini ya kijiti cha daraja. Hapa ndipo mbao na umeme hukutana: pikapu ya piezo hulala chini ya kijiti hicho na kufanya kazi kwa mgandamizo, hivyo kitako kikiwa na mbonyeo hata mdogo, uzi ulio juu ya mbonyeo huo husikika hafifu, na mwenye gitaa hudhani pikapu imekufa. Bandika msasa juu ya kioo na usugue kijiti kikiwa wima hadi kitako kiwe bapa kabisa.

Ukitaka kuboresha, badilisha kijiti cha plastiki kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, ukatolewa mafuta na kukaushwa, na vigingi vya nyuzi kwa mpingo. Mpingo hauhitaji kukatwa porini, kwani mabaki ya wachongaji wa Kimakonde yanatosha. Vaa barakoa tu, kwa sababu vumbi lake huwasha mapafu na ngozi.

Sasa ndipo umeme ufuate. Toa betri kwanza. Safisha jeki (tundu la kuchomekea waya) na vitufe vya sauti kwa spiriti, kwa sababu chumvi ya bahari hutia kutu kwenye viunganishi na kutoa mikwaruzo. Waya wa pikapu ukihitaji kulehemiwa, gusa haraka na uondoe pasi, maana joto la muda mrefu huharibu piezo. Gitaa la piezo lisilo na kikuza sauti cha ndani hutoa sauti kavu na nyembamba likichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti). Kuliongezea kikuza sauti kidogo cha volti 9 ni mabadiliko yenye faida kubwa. Kipachike ndani kwa gundi-tepe na utumie jeki inayokaa kwenye tundu la kitufe cha mkanda, badala ya kutoboa ubavu, kwa kuwa tundu la ubavuni halirudi. Jeki iwe ya stirio: upande hasi wa betri ufungwe kwenye pete yake (mguso wake wa kati), ili mkondo upite plagi inapochomekwa tu. Gitaa lisilopigwa kwa wiki kadhaa litolewe betri kabisa, maana betri ikivuja ndani ya mwili wa gitaa, kemikali zake zitakula waya ulizolehemu.