Kabla kundi la shule halijapanda jukwaani: mambo ya kuzingatia

Shika kanuni za tamasha la mashindano kabla hujashika mchezo. Tamasha ni la kila mwaka, kwa hiyo mwalimu mzoefu hujiona anazijua, kumbe idadi ya washiriki imepunguzwa au dakika zimebadilishwa. Zisome upya, na utafute hasa jibu la swali hili: saa huanza kuhesabiwa lini? Ni pazia linapofunguka, neno la kwanza linapotamkwa, au vifaa vinapoanza kuingizwa? Nimeona vikundi vizuri vikikatwa alama kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Muda wenyewe una hila zake. Igizo lililochukua dakika 10 kwenye darasa tupu halichukui dakika 10 mbele ya ukumbi uliojaa. Watu hucheka, na mwigizaji anayejua kazi yake husubiri kicheko kitulie ndipo aendelee. Kama kikomo ni 10, mimi hukata mpaka 9, na huanzia kule mwanzoni, ambako wahusika huwa wanasalimiana kupita kiasi.

Vifaa ndivyo vilivyonifunza adabu. Mwaka mmoja tulikuwa na kitanda cha mbao, kazi safi ya wanafunzi wenyewe, na mgonjwa wetu alitakiwa afie juu yake. Mlango wa kuingilia jukwaani ukakikataa. Vijana wakakilaza ubavu, kikakataa. Wakakisimamisha, mguu ukang'oka. Saa inakwenda. Mgonjwa akaamua kufia sakafuni, na mamake, aliyezoea kulilia ukingoni mwa kitanda, akabaki ameinamia hewa. Tangu siku hiyo huomba vipimo vya mlango kabla fundi hajagusa msumeno. Kila kifaa kina mtu mmoja wa kukibeba, jina lake limebandikwa chini ya kifaa hicho, na tunafanya mazoezi ya kuingiza na kutoa vitu taa zikiwa zimezimwa. Mazoezi hayo huwachosha watoto kuliko ngoma yenyewe, lakini siachi.

Kama mchezo au wimbo si wenu, ombeni ruhusa mapema, na iwe ya maandishi. Chini ya Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo utunzi kuwa wa zamani hakumaanishi ni wa bure. Majibu huweza kuchukua wiki nyingi.

Kuhusu sauti, mtoto akikauka koo siku mbili kabla, msimwambie anong'one. Kunong'ona kwa kujikaza kunaichosha sauti vilevile. Anyamaze tu, na anywe maji kidogokidogo tangu asubuhi, si chupa nzima akiwa tayari nyuma ya pazia. Wala msiutegemee ukarimu wa maikrofoni. Mwalimu akae kiti cha nyuma kabisa wakati wa mazoezi. Asichokisikia yeye, jaji naye hatakisikia.

Muziki uwe kwenye flashi mbili, umepangwa kwa namba 01, 02, 03, kwa sababu fundi mitambo hajui "ule wa mazishi" ni upi. Mkitumia simu, iwekwe hali ya ndegeni. Mkifikiria taa za kumweta, waulizeni wazazi kwanza: baadhi ya watu wenye kifafa hupatwa na mshtuko kwa mwanga wa namna hiyo. Wachezaji wa ngoma wakicheza pekupeku, jukwaa lifagiliwe, kisha mtu mzima alipapase kwa kiganja. Kibanzi hakionekani kutoka kitini.

Mkifika ukumbini, kabla ya kupaka rangi usoni, tembeeni pamoja hadi kwenye kila mlango wa dharura na muhakikishe unafunguka. Ukumbi wa Iroquois wa Chicago ulitangazwa kuwa haushiki moto. Tarehe 30 Desemba 1903, katika onyesho la mchana lililojaa watoto, moto ulizuka na watu zaidi ya 600 wakafa. Baadhi ya milango ilikuwa imefungwa, mingine watu hawakujua inafunguliwaje.

Mwigizaji wa akiba awepo, na awe amefanya mazoezi kweli, si jina la kujazia fomu. Fomu za wazazi ziwe kwenye bahasha moja, na dawa za mwenye pumu ziwe kwa mwalimu mmoja anayejulikana. Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yavaliwe karibu na zamu, kwani ratiba husogea, na mtoto aliyekaa saa tatu amevaa ndevu za gundi hupanda jukwaani akijikuna.

Halafu kuna pini. Nguo hupasuka siku ile ile, na mara nyingi ni ya mfalme. Nina kopo zima la pini, pamoja na sindano na uzi mweusi, na kila mwaka hurudi nalo tupu.