Kupanga zamu za yadi ya makaa ya mawe Mtwara

Makaa ya Ngaka, wilayani Mbinga, hushuka kwa malori kupitia Tunduru na Masasi. Yakishafika Mtwara, pesa hupotea kwa dakika: loda, mashine ya ndoo inayopakia makaa kwenye malori, limezimwa, watu wanalipwa.

Kwa hiyo panga loda kwanza, watu baadaye. Ndoo ya mita 3 za ujazo hubeba takribani tani 2.5, hivyo lori la tani 30 ni ndoo 12. Lipe dakika 15 pamoja na kujipanga; turubai lifungwe pembeni, kamwe si mbele ya loda. Kisha pima kwa dakika mzunguko mzima wa lori, yadi, bandari na kurudi, ugawe kwa 15. Mzunguko wa dakika 90 unataka malori 6. Yakiwa 5, loda litasimama dakika 15 kila mzunguko. Yakiwa 8, mawili yatakuwa foleni muda wote. Kuanzia Oktoba malori ya korosho nayo huelekea bandarini, kwa hiyo pima upya.

Zamu ya saa 1:00 asubuhi hadi 9:30 alasiri, ukitoa saa moja ya mapumziko, ni saa 7.5. Siku 6 zinatimiza saa 45, kikomo cha wiki kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Wengi huandika saa 8 za kazi kwa siku bila kupiga hesabu: kila mtu anazidisha saa 3 kwa wiki, zinazolipwa mara 1.5. Kwa watu 12 hiyo ni malipo ya saa 54, zaidi ya wiki nzima ya mtu mmoja.

Wote wakienda kula pamoja, loda hujaza malori 30 kwa zamu. Mwendeshaji na mwenzake wa akiba wakipishana, hufika 34: tani 120 zaidi kwa kodi ileile ya loda. Zamu ikigharimu shilingi 1,800,000, tani 900 ni shilingi 2,000 kila moja. Zikiwa tani 600, kila moja ni 3,000.

Zamu ya pili ikivuka saa 2:00 usiku, ongeza asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Mvua kubwa ikinyesha usilazimishe kupakia: makaa yaliyolowa hunata kwenye tela na unasafirisha maji. Tumia muda huo kutia grisi na dizeli, kazi ambazo zingekula dakika za jua.

Ubaoni andika kila loda liliposimama, saa ngapi, kwa sababu gani. Zamu inayoingia isome kabla ya kupokea funguo.