Unga wa dagaa kwa uji wa mtoto

Dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nawanusa kwanza: wakinuka mafuta yaliyochacha, nawaacha. Chukua waliokaushwa juu ya chanja. Wa mchangani hata ukiwaosha mara tatu, uji utakwaruza meno. Mjukuu wangu alinitemea usoni, na alikuwa na haki.

Toa vichwa, vina uchungu. Miba iache, ndiyo yenye madini ya chokaa. Osha, anika tena mpaka dagaa avunjike kwa vidole viwili, kisha kaanga bila mafuta, moto mdogo. Twanga, chekecha kwa chujio la chai.

Uji wa mtama ukikaribia kuiva, tia unga huo kijiko kimoja cha chai kwa bakuli. Chumvi hapana. Mtoto awe ametimiza miezi 6. Siku ya kwanza nusu kijiko, umtazame.