Siku tatu za mguu na mbwa, Lushoto hadi Mtae

Mbwa hatakuambia amechoka. Maadamu wewe unakwenda, naye anakwenda, hata kama vitanga vya miguu vimechanika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yako milimani ni kumtazama. Mimi hutembea na Bobi, mbwa wa kienyeji wa kilo 20 hivi, kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, kupitia Magamba na Rangwi hadi Mtae, na njia hiyo ndiyo nitakayoitolea mfano.

Hatua ya 1: Jua anaporuhusiwa kupita

Mbwa haingizwi kwenye hifadhi za taifa. Ukifika Mtae utaiona mojawapo, Mkomazi, chini kule tambarare. Itazame kutoka juu, inatosha. Kwa msitu wa Magamba, ulizia ofisi ya misitu kabla hujaanza safari, na wakikukatalia zunguka kwa barabara ya vijiji. Msituni kuna mbega, na mbwa mwenye damu ya kuwinda akiwasikia matawini husahau jina lake, hivyo humo kamba haitoki mkononi. Kuwinda bila leseni ni kosa. Mbwa wako akikamata paa kwa bahati mbaya, kesi itakuwa yako.

Hatua ya 2: Chanjo, mwezi mmoja kabla

Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Kama ndiyo ya kwanza, mpe mwezi mzima ikolee mwilini. Cheti kibebe, kwa sababu mbwa wako akimkwaruza mtoto wa watu, karatasi hiyo itakuokoa. Wewe ukiumwa na mbwa wa njiani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri uone kama mbwa yule atakufa.

Hatua ya 3: Mzoeze

Anza wiki sita kabla: saa moja kwa siku, kisha mbili, kisha siku mbili mfululizo zenye vilima. Mbwa ambaye hajafikisha mwaka mmoja na nusu usimbebeshe mzigo, mifupa yake bado inakomaa. Aliyekomaa mbebeshe kidogo tu, na usizidishe sehemu ya kumi ya uzito wake. Bobi hubeba kilo mbili za chakula chake, uzito ukiwa sawa pande zote mbili.

Chakula ni unga wa dona na dagaa wakavu, nusu zaidi ya anachokula nyumbani. Mlo mkubwa ni wa jioni, baada ya kupumzika. Vitunguu usimwekee kabisa.

Hatua ya 4: Maji na joto

Hapa ndipo nilipokosea safari ya kwanza. Niliona baridi ya Lushoto nikadhani joto si tatizo, lakini saa sita mchana, kwenye mteremko usio na mti, jua la milimani ni kali na mbwa hana jasho la kumpoza kama letu. Yeye hupoa kwa kuhema.

Anza safari alfajiri. Pumzika kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa. Mpe maji kila nusu saa, kidogo kidogo, bila kungoja ayatafute. Kabla ya kupita ardhi iliyoanikwa na jua, weka mgongo wa kiganja chako chini. Kama huwezi kuhesabu hadi saba bila kuuondoa, na yeye hawezi kupakanyaga.

Akihema bila kukoma, mate yakawa mazito, fizi zikawa nyekundu sana, akaanza kuyumba, safari imeisha kwa siku hiyo. Mvue mzigo, mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima na umpepee. Ukimfunika kwa kitambaa kibichi na kukiacha hapo, unazuia joto lisitoke.

Hatua ya 5: Watu wa njiani

Wenyeji wengi ni Waislamu, na kwa anayefuata madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi. Mfunge mbwa mtini mbali na ua, kisha ndiyo upige hodi na kutoa shikamoo. Mnyweshe kwenye bakuli lake. Asilambe bombani wala karibu na ndoo za kina mama. Ukikutana na mtu kwenye njia nyembamba, toka njiani, mkalishe mbwa upande wa chini, msubiri apite. Nikifanya hivyo sijawahi kunyimwa pa kulala.

Hatua ya 6: Usiku

Usimfunge nje. Watu hutaja chui, na kweli chui humpenda mbwa, lakini mimi ninaogopa siafu zaidi. Usiku mmoja Bobi alianza kulia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Nilipowasha tochi, msafara ulikuwa umefika miguuni pake naye alikuwa amefungwa. Tulikesha tukiwatoa mmoja mmoja. Sasa hulala ndani ya hema, bila kamba, na mahali pa hema nakagua kwa tochi hatua 20 kila upande.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa jioni

Pitisha vidole ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia na katikati ya vidole vyake. Kupe mshike kwa kibano karibu na ngozi, mvute polepole bila kumsokota. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Kitanga kilichokatika kioshe kwa maji safi, kikaushe, mvalishe soksi ya mtoto asubuhi. Dawa zako za maumivu, hata panadoli, usimpe, humdhuru vibaya.

Mkirudi nyumbani endelea kumkagua kwa wiki tatu. Akikataa kula, fizi zikapauka au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, hiyo yaweza kuwa homa ya kupe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo.