Unyevu wa Hewa katika Kitalu cha Ndani
Miezi ya Januari na Februari, hewa ya Nakuru hukauka kiasi cha kukunja majani ya miche hata ndani ya nyumba. Tandaza kokoto safi katika sinia pana ndani ya kitalu cha nailoni, mimina maji yasiyofunika kokoto, kisha ning'iniza kitambaa cha pamba ambacho ncha yake imezama majini, kwa kuwa kitambaa hupandisha maji na kuyaacha yavukize polepole. Mikebe ya miche ikae juu ya kokoto bila kugusa maji, la sivyo mizizi itaoza. Matone yakitiririka kwenye nailoni asubuhi, fungua upande mmoja mpaka yakauke, maana kuvu huangamiza miche upesi. Tumia maji ya mvua. Ya kisima mara nyingi huacha chumvi nyeupe inayoziba nyuzi za kitambaa.