Kabla hujaongeza boksi la pili kwenye ampu ya besi, soma omu kwanza

Wadau mnaopiga maharusini hapa Tanga, hili naliona sana Ngamiani na Chumbageni, mtu ana ampu ya gitaa la besi (mashine ya kukuza sauti) na boksi moja la spika, anaazima la pili, anachomeka tu bila kuangalia nyuma pameandikwa nini. Jamani angalieni omu (ohm, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme). Boksi mbili za omu 8 ukiziunga sambamba (na zile tundu mbili za nyuma ya ampu kwa kawaida ndo zinaunga hivyo) unapata omu 4, sio 16. Mbili za omu 4 zinakuwa 2, na ampu nyingi mwisho wake ni 4, ukishuka hapo inavuta umeme mwingi, inachemka, inajizima katikati ya wimbo au inaungua kabisa, na joto letu hili la pwani ndo linazidisha.

Halafu wati. Ampu iliyoandikwa wati 500 kwa omu 4, ukiipa boksi moja la omu 8 haitoi 500, itatoa kama 250 hadi 300, kwa hiyo usilalamike ampu haina nguvu. Boksi liwe na uwezo wa wati sawa na ampu au zaidi kidogo, na ukisikia spika inakwaruza punguza hapohapo, usisubiri wimbo uishe.

Ampu za valvu (zile zenye vioo kama balbu ndani) ndo kabisa, usiwashe bila boksi. Na waya tumia wa spika, ule wa gitaa ni mwembamba unapata moto.